Mti wa Noeli Wenye Mataa: Furaha ya Wote Inalipwa na Nani?

Tukisema neno « desturi », wengi wetu tunawaza mara moja mambo ya bankambo: mahari, matanga, majina ya watoto, ngoma za kutawaza mfalme. Lakini desturi haizaliwi zamani tu. Nyingine inazaliwa leo, mbele ya macho yetu, na sisi ndio tutaulizwa kesho: mulianza hii namna gani, na juu ya nini?

Ku Lubumbashi desturi moja ya namna ile iko inakua: mti mkubwa wa mataa wakati wa Noeli. Sisemi kamti ka plastiki kanakowekwa pembeni ya televizioni mu salon. Ninasema mti wa metre 8, metre 10 ao zaidi, wenye kusimamishwa inje, wa chuma na nyaya, wenye ampuli mamia na mamia za rangi zote, zinazobadilika, zinazopanda na kushuka, zinazozunguka sawa vile ziko zinacheza muziki. Maduka makubwa na hoteli ndio walianza. Sasa parokia na makartie nazo zinautaka.

Swali langu ni hili: je, ni haki kuwasha mti mkubwa wa furaha mahali ambapo nyumba nyingi zinalala mu giza? Mwenye haraka atajibu « ndiyo » ao « hapana » akiwa bado amesimama. Ninaomba tukae kidogo, kwa sababu majibu yote mawili ya haraka yanaficha kitu.

1. Swali lilizaliwa mu kikao

Mwezi wa septemba 2023, vijana wa kartie yetu waliita watu mu kikao. Mimi nilialikwa sawa muzee wa shauri. Kijana mmoja, fundi wa umeme, alikuwa amechora mti wake ku karatasi ya daftari: nguzo ya chuma ya metre 12, ku kichwa chake nyota, na kutoka ku nyota mistari ya ampuli inashuka mpaka ku duara la chuma chini, sawa paa la nyumba ya mviringo ya kijijini. Ampuli 1600. Kila moja inaweza kuwaka nyekundu, kijani, buluu, ao mchanganyiko wa zile tatu, kufuatana na amri ya kasanduku kadogo kenye programu. Bei ya vitu vyote: dolari 840. Kwa kuwa tuko na nyumba karibu 280, alisema, ni dolari 3 kwa kila nyumba. Watu walipiga makofi.

Mama mmoja, mujane, alinyoosha mkono. Akasema: « Batoto, mimi siko na shida na mti. Lakini mujukuu wangu anasomaka na buji. Huu mti utamuwakia nani? »

Kijana mmoja akamujibu: « Mama, atakuja kusomea chini yake! » Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Ku njia ya kurudia nyumbani ndipo kile kicheko kilianza kuniuma, kwa sababu mama hakuwa ameuliza mzaha. Alikuwa ameuliza swali la kweli, na watu wenye kusoma, mimi ndani, hatukuwa na jibu.

2. Mti huu umetoka wapi

Tuanze na chanzo. Mti wa kwanza wa Noeli wenye umeme unajulikana vizuri. Ulikuwa ku New York, tarehe 22 desemba 1882, mu nyumba ya Edward H. Johnson, aliyekuwa mshirika wa Edison mu kazi ya umeme. Alifunga ku mti ampuli 80, nyekundu, nyeupe na buluu, kila moja kubwa sawa jozi (walnut). Chini ya mti aliweka mashine ya kuuzungusha, na ampuli zilikuwa zinawaka na kuzimika kwa zamu kadiri mti unavyozunguka. Kumbe rangi nyingi na mwendo havikuongezwa nyuma. Mti wa umeme ulizaliwa tayari unacheza.

Lakini tuangalie pia: ulizaliwa kwa mtu aliyekuwa anauza umeme. Ulikuwa furaha ya watoto wake, na ulikuwa pia tangazo la biashara yake. Mambo yale mawili yametembea pamoja toka siku ile mpaka leo, na mwenye kupanga mti asijifanye hajui.

Kwetu mti wenyewe ni mgeni. Msonobari si wa pori la Katanga. Mungu ametupatia mwingine: mwezi wa desemba, mvua ikinyesha, flamboyant za avenue zetu zinawaka nyekundu bila waya, kama vile jacaranda zinavyowaka zambarau mwezi wa oktoba. Hata hivyo sisemi kwamba kigeni ni kibaya. Misale yenyewe ilitoka mbali, na muhogo ulitoka Amerika, na leo nani anaweza kusema bukari ya muhogo si yetu? Kitu kinakuwa chetu siku tunapokiwekea sheria zetu.

Na Noeli tumekwisha kuilipia. Mwaka 1974, wakati wa siasa ya « authenticité », serikali ya Zaïre iliondoa tarehe 25 desemba mu hesabu ya siku za mapumziko. Watu walikwenda kazini sawa siku nyingine. Sikukuu haikukufa kwa ajili ya ile, ilijificha mu nyumba na mu misa ya usiku. Leo tarehe 25 ni mapumziko tena. Wenye kukumbuka miaka ile hawashangai kuona watu wanataka Noeli ionekane inje, juu, kwa rangi zote. Kitu kilichofichwa kinapenda kujionesha. Kijana wetu hajui historia hii, lakini mti wake uko ndani yake.

3. Hesabu ya umeme, na historia yake

Neno la kwanza la wenye kukataa mti ni hili: « Utakula umeme, na umeme hautoshi. » Neno hili linastahili hesabu, kwa sababu shauri lisilo na hesabu linageuka matusi.

Ampuli za zamani za Noeli, zile kubwa za nje, zilikuwa zinakula watt 7 kila moja. Ampuli 1600 za namna ile zingekula watt 11200. Hapo ningesema bila kufikiri: hapana. Lakini ampuli ya LED ambayo fundi wetu alichagua, inakula watt 0,3 wakati inawaka nyeupe kwa nguvu zote. Ampuli 1600 zote nyeupe zingekula watt 480. Mti ukicheza kwa rangi, mara nyekundu mara kijani, unakula karibu theluthi moja ya ile, ni kusema watt 160. Pasi ya kunyoosha inakula watt 1000. Resho ya kupikia, watt 1500. Kwa hiyo mti wa kartie nzima unakula chini ya pasi moja. Mwenye kunyoosha shati lake la misa asiupigie mti kelele juu ya umeme.

Lakini hesabu hii haimalizi neno. Mu inchi yetu umeme uko na historia, na watu wanaibeba mu moyo hata kama hawaisemi. Barrage ya Mwadingusha, ku mto Lufira, ilianza kazi mwaka 1930. Ya Nzilo mwaka 1952 na ya Nseke mwaka 1956, ku Lualaba. Zote zilijengwa kwanza juu ya Union Minière, juu ya shaba. Kiisha Inga I mwaka 1972 na Inga II mwaka 1982. Na ili umeme wa Inga ufike ku migodi yetu, walivuta laini ya karibu kilometre 1700 mpaka Kolwezi, ikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ile laini inapita juu ya vijiji vingi bila kushuka. Namna ya umeme inayopita ndani yake hairuhusu kuugawa njiani kirahisi. Wanakijiji wanaziona nguzo zile kubwa, wanazunguka miguu yake wakienda shambani, na usiku wanawasha taa ya mafuta. Mpaka leo, mu Kongo yote, mtu mmoja tu kati ya watano ndiye anapata umeme, ao karibu ile.

Ndiyo maana swali la mama lilikuwa zito. Hakuwa anahesabu watt. Alikuwa anasema: tangu tulizaliwa, mwangaza unapita juu ya vichwa vyetu unaenda kwa wengine. Na sasa, hata mu kartie yetu wenyewe, munataka kuuinua tena juu, tuuangalie tu?

4. Manukato ya dinari 300

Mu kikao cha pili, mwalimu mmoja alileta shauri: tuache mti, tugawe zile pesa kwa masikini. Ilionekana safi. Lakini tulipoikata kwa kisu cha hesabu, tuliona: dolari 840 kwa nyumba 280 zinarudi dolari 3 kwa kila nyumba. Dolari 3 ni buji za siku chache na kiberiti. Kiisha hapo zimekwisha, na hakuna mtu atakayekumbuka.

Wakristo wanajua mahali ambapo shauri hili liko mu Injili. Mwanamke anamimina manukato ya bei kali ku miguu ya Yesu, na mtu mmoja analalamika: yangeuzwa dinari 300, pesa zipewe masikini. Dinari moja ilikuwa mshahara wa siku moja ya mfanyakazi. Ni kusema, karibu mshahara wa mwaka mzima ulimiminwa chini mu dakika moja. Yohana anatuambia ni Yuda aliyesema, na kwamba hakuwa na masikini mu moyo.

Watu wa mti walishangilia: « Munaona! Yesu mwenyewe alipitisha uzuri mbele ya hesabu! » Mimi ninasema pole pole. Ni kweli Yesu alikubali manukato. Lakini tuangalie vizuri nani alitoa. Mwanamke alitoa cha kwake. Hakupita nyumba kwa nyumba kukusanya dinari za wajane kiisha kuzimimina. Hapa ndipo wengi wanajikwaa. Wanachukua ile hadithi kutetea uzuri unaolipwa na mfuko wa mwingine.

Kwa upande wa pili, siwezi kukubali wazo la kwamba masikini anahitaji tu unga na dawa, na uzuri ni mali ya tajiri. Hilo nalo ni dharau. Nani alisema mtoto wa cité hana haki ya kuinua macho usiku na kuona kitu kizuri kisicho na faida? Bankambo wetu walikuwa masikini kuliko sisi, na walichonga viti, walisuka nywele siku mbili, walipaka ngoma rangi. Hawakungoja tumbo lijae kwanza. Furaha ya pamoja ni kama moto wa mekoni: ukigawa kijinga kimoja kimoja kwa kila mtu, kila mtu anarudi na moshi. Ukiviacha pamoja, wote wanaota.

Kwa hiyo ninasema mambo mawili. Moja, uzuri hauibi masikini kwa sababu tu ni uzuri. Mbili, neno la « masikini naye anahitaji furaha » linakuwa kweli wakati masikini mwenyewe amelisema. Likisemwa na mwenye kushiba juu ya mwingine, linanuka.

Kutoka hapo, komite iliamua: hakuna dolari 3 kwa kila nyumba kwa lazima. Mwenye kutaka atatoa, kwa hiari, na daftari halitasomwa mbele ya watu. Tulijua tutapungukiwa.

5. Mkono unaotoa

Na tulipungukiwa. Mwisho wa mwezi wa oktoba tulikuwa na dolari 410.

Ndipo mgeni alikuja. Ndugu wasomaji wanakumbuka: uchaguzi ulikuwa tarehe 20 desemba 2023, na kampeni ilianza tarehe 19 novemba mpaka 18 desemba. Mwenye kuomba kura mmoja alisikia habari ya mti. Alituma mjumbe: atalipa yote, hata ampuli 3000. Masharti mawili tu. Mti uwashwe mapema, mbele ya uchaguzi, na rangi za chama chake zitangulie, na jina lake chini, ku kibao kidogo.

Kikao kile kilikuwa kirefu. Vijana walisema: « Papa, pesa ni pesa. Tutakula pesa yake, kura tutapigia mwingine. » Wengine walicheka juu ya rangi: wa Lupopo walisema basi tuweke manjano na buluu, wa Mazembe wakajibu kwamba mti ni wao. Fundi akawaambia: « Banduguzangu, mweusi na mweupe haiwezekane. Mweusi hauwakake! » Hata wa Mazembe walicheka.

Mimi nilileta mfano wa mbali. Ku Rio de Janeiro, Brazil, tangu mwaka 1996 kulikuwa na mti mkubwa sana wa mataa wenye kuelea juu ya maji ya Lagoa, unalipwa na kampuni ya bima. Watu maelfu walikuwa wanakuja kuuona. Mwaka 2016 mfadhili alikuwa amejiondoa, na Noeli ile mti haukuonekana. Ku mji wa Gubbio, Italia, kuna mwingine: si mti wa chuma, ni mataa zaidi ya 700 yanapangwa ku mteremko wa mlima Ingino, yanachora mti wa urefu wa zaidi ya metre 600. Tangu mwaka 1981, watu wa mji wenyewe, kwa kujitolea, wanapanda mlima kila mwaka kuvuta nyaya. Mapapa wawili, Benedikto wa 16 na Fransisko, wameuwasha kutoka mbali. Mapapa walipita, mti unabaki, kwa sababu mikono inayouvuta ni ya pale pale.

Mjumbe wa yule bwana alikuwa na haraka. Tulipiga kura: mikono 11 ikakataa, mikono 9 ikakubali. Vijana wawili wa komite walitoka siku ile na hawakurudi. Siwalaumu. Kukataa dolari 430 mu kartie sawa yetu ni kitu kinauma, na mwenye kusema haikumuuma, hakuwa na shida ya pesa.

Jaribu la pili lilikuwa la siri zaidi. Mtu mmoja wa kwetu alisema iko namna ya kupanga ili mti ufungwe ku laini nyingine isiyokatwa, ile delestaji isiuguse. Yaani nyumba zetu zitakatwa umeme kwa zamu kama kawaida, lakini mti utawaka usiku wote. Wengi walifurahi. Mti unaozimika saa mbili usiku ni aibu, walisema.

Hapa ndipo nilielewa swali la mama kabisa. Aibu iko wapi? Mti unaozimika pamoja na nyumba ni mti wa kartie, unabeba zamu yetu. Mti unaowaka peke yake mu giza la watu wote, umekuwa sawa ile laini ya Inga: mwangaza wa juu ya vichwa. Zaidi ya ile, upendeleo wa namna ile hautoki mbinguni. Ukipata laini isiyo na zamu, kuna kartie nyingine yenye kubeba zamu yako. Tungekuwa tunaimba kuzaliwa kwa Mwokozi kwa umeme wa jirani.

6. Taa ya mwisho ku mstari

Fundi ndiye alitutoa mu shida, kwa ufundi wake, si kwa mahubiri. Alitufundisha kitu ambacho sikukijua. Mu mti wa namna ile, umeme unaingia ku mwanzo wa mstari, unapita kutoka ampuli moja mpaka nyingine. Kadiri unavyoenda mbali, unachoka. Ukiamuru zote ziwake nyeupe, za karibu zinawaka nyeupe kweli, za katikati zinakuwa manjano, na za mwisho zinabaki nyekundu tu, kwa sababu nyekundu ndiyo inakubali umeme kidogo, buluu na kijani vinadai zaidi. Tena kila ampuli inachukua amri yake na kupitisha amri zingine kwa mwenzake wa nyuma. Moja ikikufa, zote zinazoifuata zinapoteza amri.

Kila mtu mwenye kukaa ku mwisho wa laini mu kartie zetu alielewa mara moja. Anajua ile ampuli ya nyumbani yenye kuwaka sawa kaa la moto, wakati nyumba za karibu na kabini zinawaka vizuri. Dawa yake, fundi alisema, si kuongeza nguvu ku mwanzo, kwani utaunguza za kwanza. Dawa ni kuleta umeme pia ku mwisho wa mstari, ulishwe kwa ncha mbili.

Kiisha akatoa shauri: tupunguze mti. Metre 9 pahali pa 12, mistari 20 yenye ampuli 50, jumla 1000. Kwa rangi utakula watt 100. Kwa saa nne za usiku, ni watt-heure 400. Sahani moja ya jua ya watt 200 na betri moja ya volti 12 na ampère-heure 100 zinatosha, hata mu mvua ya desemba, ikiwa jua linatoka saa tatu ao nne kwa siku. Mti utabeba umeme wake wenyewe. Hautaongozwa na delestaji, lakini hautachukua zamu ya mtu. Na kiisha Noeli, sahani na betri vitabaki. Wakati wa mvua ya radi, nguzo itafungwa ku waya wa ardhi na mti utazimwa, kwa sababu nguzo ya chuma peke yake mahali pa wazi, mu inchi yetu ya radi nyingi, ni kumuita mwenyewe.

Sahani na betri tulizipata za mkono wa pili, chuma tukakiokota ku garage moja. Tulifika. Ulikuwa mti mdogo kuliko ule wa ku karatasi, na usiku mbili za mawingu mengi ulizimika mbele ya saa. Hakuna aliyezomea.

Mujukuu wa mama alikuja siku za kazi, akajifunza kuunganisha nyaya kwa risasi. Mama mwenyewe hakutoa pesa, na hakubadilisha neno lake. Mwezi wa januari 2024 komite iliamua sahani na betri viende mu chumba cha masomo cha parokia, na sasa ampuli nne zinawaka pale magharibi. Wengine walitaka viende kwa padri, tuligombana kidogo. Mujukuu anasomea pale siku nyingi. Siku zingine, mvua ikinyesha ao njia ikiwa mbaya, anasoma tena na buji. Siwezi kumwambia mama kwamba tumemjibu. Tumemjibu nusu.

Mwisho

Sasa nirudilie swali. Je, ni haki kuwasha mti mkubwa wa furaha mahali pa giza? Ninajibu: inawezekana kuwa haki, lakini haki yake haitoki ku wingi wa ampuli, wala ku nia njema ya moyo. Inatoka ku majibu ya maswali matatu, na wenye kupanga mti wayaulize mbele ya kuchora.

La kwanza: ni nani anabaki mu giza ili huu uwake? Kama kuna jibu, hata la nyumba moja, mti usimame bado mu karatasi.

La pili: jina la nani liko chini yake? Zawadi yenye kibao si zawadi bado, ni deni, na wenye kulilipa ni wale wasiokuwa mu kikao.

La tatu: mwenye kukaa ku mwisho wa laini alisema nini? Siyo kwamba lazima akubali. Mama wetu hakukubali mpaka leo. Lakini neno lake liliandikwa mu daftari la kikao, na ni neno lake lililopunguza mti, likaleta jua, likakataa laini ya upendeleo. Bila yeye tungekuwa na mti mkubwa zaidi na wa aibu.

Desturi nzuri, bankambo walijua, si ile isiyopingwa na mtu. Ni ile iliyobeba ndani yake neno la mwenye kuipinga. Wenye kupanga miti ya mwaka huu, ku Katuba, ku Kenya, ku Ruashi ao kwingine, wasisahau kumualika yule anayesomesha mujukuu na buji. Na akiuliza, wasicheke kama mimi nilivyocheka.